Gari la Shemeji na Milango Yenye Hiari Yake

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyenifungulia milango mingi ya heri katika maisha yangu, akaibakiza minne tu ya kunitia adabu. Hiyo minne iko kwenye gari alilonipa shemeji.

Msomaji aliyekosa majuma yaliyopita asihuzunike. Hakukosa jambo la kumjenga. Mimi ni mzee wa miaka sitini na tisa, mwalimu wa dini niliyestaafu, na kazi ya mikono yangu ni kujalidi vitabu. Shemeji, kaka wa mke wangu, alipopungukiwa na nuru ya macho, alitupa gari lake lenye umri wa miaka ishirini na sita, akasema, "Litunzeni. Mimi lilinitunza."

Haikutimia juma, vitasa vyake vya umeme vikapata hiari. Vikajifunga vilipopenda na kufunguka vilipochoka.

Mara ya mwisho niliwaacha, wasomaji wangu, katika uwanja wa soko, jua la saa sita utosini, mke wangu amefungiwa kiti cha nyuma. Mlango wa nyuma una kikomeo cha kuwazuia watoto, haufunguki kwa ndani. Vioo havishuki bila gari kuwashwa, na ufunguo ulikuwa mkononi mwangu, nje. Nikiuzungusha tunduni, vitasa vinafunguka: tak! Kabla sijashika mpini, vinajifunga: tak! Tuliendelea na mazungumzo hayo, mimi na gari, kwa dakika arobaini.

Umati ulikusanyika, kila mmoja na ushauri wake. Mwishowe mpagazi mmoja akavuta mlango sekunde ileile niliyozungusha ufunguo, na mke wangu akatoka, uso umeloa jasho, midomo imekauka.

Mtu mwenye busara angeomba maji. Mimi niliomba kusikilizwa.

"Mnaona?" niliuambia umati. "Hii ndiyo zawadi ya kaka yake! Kashindwa kutupa takataka jaani, kaja kuitupa kwangu, akaiita gari!"

Mke wangu alijifuta uso kwa mtandio. Alichukua mkoba wake, akaenda kwa kaka yake kwa miguu. Tumeishi pamoja miaka thelathini na minane, na sikuwahi kuuona mgongo wake ukienda mbali kiasi kile.

Hapo ndipo tulipoishia.

Siku ya sita alipiga simu.

"Maalim."

Akiniita hivyo, najua sina mtetezi. Siku za amani huniita baba.

"Labeka, mke wangu."

"Alhamisi, baada ya alasiri, njoo na gari hilohilo. Nitakaa nyuma palepale. Nitafunga mlango, kisha nitaufungua kwa mkono wangu mwenyewe. Ukifunguka, narudi nyumbani."

"Na usipofunguka?"

"Utaniletea nguo zangu zilizobaki. Na sanduku la mama yangu."

Nilitaka kusema neno, akanitangulia.

"Tena uje na karatasi ya fundi. Nataka kujua huo ugonjwa ulikuwa nini. Kaka yangu tangu asikie ulivyomtangaza sokoni hali chakula kikashuka. Anakaa tu pale barazani, anajiuliza alikosea wapi."

"Inshallah nitakuja nayo."

"Uje nayo, Maalim. Hiyo inshallah yako naijua."

Sasa, mtaani kwetu yuko fundi anayeitwa Profesa. Jina hilo hakupewa na chuo. Alijipa mwenyewe, na sisi tukaliridhia kwa uvivu. Huyu ndiye niliyekuwa nimemkabidhi gari tangu mwanzo.

Utaratibu wake ni mwepesi. Hachunguzi, anabadilisha. Alianza na betri ya rimoti, ingawa gari linajifunga rimoti ikiwa imelala ndani ya kabati. Akabadilisha fyuzi iliyokuwa nzima, akaweka nyingine iliyokuwa nzima. Akafungua mlango wa kushoto wa mbele, akatoa mota ya kitasa, akaitazama juani kama mtu anayetafuta mwezi mwandamo, akairudisha.

"Tayari, mzee," alisema. "Zilikuwa zinagombana."

"Nani na nani?"

"Mambo ya kitaalamu, hayo."

Tangu siku hiyo, nikifunga mlango wa kushoto, honi inalia. Vitasa havikubadilika hata kidogo. Kwa hiyo nilikwenda na gari lenye wazimu nikarudi na gari lenye wazimu na sauti.

Alhamisi asubuhi, nikiwa nimebakiwa na saa saba tu za kuitwa mume wa mtu, nilimwendea Mama Fyuzi.

Mama Fyuzi ni fundi wa umeme wa magari. Ana kibanda cha mabati nyuma ya kituo cha mafuta, meza moja ndefu, na miwani iliyoning'inizwa shingoni kwa kipande cha waya mwekundu. Kwa nini sikumwendea tangu awali? Niliona haya kupeleka gari kwa mwanamke. Ndiyo, nimeandika. Haya hiyo imenigharimu juma zima la kujipikia mwenyewe.

"Karibu, mzee. Profesa ameshindwa?"

"Umejuaje?"

"Honi. Kila anayetoka kwake anakuja na honi." Alivaa miwani. "Haya, mgonjwa anasemaje?"

"Vitasa vinajifunga vyenyewe."

"Vyote vinne?"

"Vyote."

"Basi tusihangaike na mota. Mota nne haziwezi kupatana kuugua siku moja. Hata watu wa nyumba moja hawawezi." Alikunja mikono ya ovaroli. "Vinajifunga ukiwa umekaa, unaendesha, au ukifungua mlango?"

 Profesa hakuwahi kuniuliza swali lolote, ndiyo maana nilimpenda.

"Sijachunguza."

"Wiki tatu, mzee?"

"Nilikuwa na shughuli."

Hakugusa chombo chochote. Aliniamuru nisimame kando ya mlango wa dereva, niufungue polepole, kama anayeingia chumba cha mgonjwa, naye akainamisha sikio.

Nikaufungua. Kimya. Nikaufungua zaidi. Ulipofika nusu: tak!

"Hapo. Rudisha."

Tak!

"Tena."

Tak!

Akatabasamu kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwa wema. "Ugonjwa hauko kwenye fyuzi, hauko kwenye rimoti. Uko kwenye bawaba. Unaiona hii raba iliyo kati ya mlango na mwili wa gari? Waya zote za mlango zinapita humo. Kila ukifungua zinakunjwa, kila ukifunga zinanyooka. Kuna zinazogusana, na kila zikigusana gari linadhani wewe umelipa amri ya kufunga."

Nikasogea, nikasimama mbele ya ile raba.

"Labda," nilisema, "tungeanza na mlango wa nyuma."

"Kwa nini?"

"Kwa tahadhari tu."

Alinitazama juu ya miwani. "Mzee, mbona una haraka ya kunitoa hapa?"

Alichomeka bisibisi, akaichomoa ile raba, akaivuta nyuma. Akachungulia ndani. Kisha akaita majirani zake wawili, muuza matairi na fundi rangi, waje kuona.

"Njooni. Njooni haraka, kabla sijakata."

Wakaja.

"Miaka ishirini na miwili nafanya kazi hii," Mama Fyuzi aliwaambia. "Nimekuta panya. Nimekuta mchwa. Nimekuta meno ya mtoto. Darizi sijawahi kukuta."

Ndani ya raba ile, waya saba zilikuwa zimeshonwa pamoja kwa uzi mweupe wenye nta. Mishono mitano, yenye nafasi sawa, na mwisho wake fundo dogo zuri lililobanwa likalala. Kila sindano ilipopita, ganda la waya lilitobolewa, na shaba ikachungulia.

"Lakini kazi safi," alisema muuza matairi.

"Kazi safi sana," alisema fundi rangi. "Ya kijinga, lakini safi."

Ningeweza kukana. Ningeweza hata kukasirika. Badala yake nilisikia sauti yangu ikisema, "Fundo hilo huwa halifunguki," na wote watatu wakageuka kunitazama.

Wasomaji wangu, sasa nakiri kwenu ninyi pia, maana kwa majuma matatu nimewadanganya.

Siku ya tatu tangu gari lifike kwetu, niliona ile raba imechanika na waya zinachungulia nje. Mtu mwingine angesema, waya hizo. Mimi kwa miaka arobaini nimekuwa nikipokea vitabu vilivyolegea mgongo, kurasa zikining'inia, na dawa yake ni moja: unazikusanya, unazitoboa, unazishona, unafunga fundo. Nilichukua msharasi, ule uzi wetu wa nta, na sindano. Nilizishona waya za shemeji kama juzuu ya mwisho ya kitabu cha fiqhi. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua mbili, nikaitazama kazi yangu, nikajipongeza kwa sauti.

Alasiri ile ile, milango ilianza.

Mtaniuliza, je, ulijua? Siku ya kwanza sikujua. Siku ya pili nilishuku, nikaona shaka hiyo ni wasiwasi wa shetani, nikaikinga kwa kusoma dua. Lakini pale sokoni, mke wangu akigonga kioo kwa kiganja, na mimi nikauona mlango wa dereva unaachia ile tak kila nilipoutikisa, nilijua. Nilijua kabisa. Na wakati ulimi wangu unatamka neno takataka, ulikuwa unalitamka kwa ufasaha wa mtu anayejua.

"Ni wewe, mzee?" Mama Fyuzi aliuliza taratibu.

"Ni mimi."

"Kwa sindano?"

"Na msharasi."

Muuza matairi alikwenda kucheka kwake, kwa heshima ya mvi zangu. Fundi rangi hakuwa na heshima hiyo.

Nimpe sifa yake Mama Fyuzi: alicheka mara moja tu, kisha akafanya kazi. Alikata mishono yangu. Akaunganisha kila waya peke yake, akaizungushia tepu yake, akaivisha raba mpya. Kwenye mlango wa nyuma alizungusha kile kikomeo cha watoto kwa ncha ya bisibisi, kazi ya sekunde mbili, na mlango ukakubali kufunguka kwa ndani. Hata honi aliinyamazisha. Profesa alikuwa ameiazima waya isiyokuwa yake.

Tulifungua na kufunga mlango wa dereva mara ishirini. Vitasa vilitulia kama maamuma nyuma ya imamu mzuri.

"Amepona," alisema.

"Bado karatasi," nikasema.

"Karatasi gani?"

Nikamweleza. Mke, kaka, barazani, sanduku la mama yake. Akafuta mikono kwa kitambaa, akachukua kalamu, akaandika huku akitamka: "Waya za mlango zilishonwa kwa sindano na mwenye gari..."

"Ngoja! Ngoja kidogo, mama."

"Nini? Nimekosea?"

"Hujakosea. Lakini lugha ina ngazi nyingi. Hatuna haja ya kuruka kutoka juu hadi chini."

"Sheikh wangu, unataka niandike uongo?"

"Hasha! Mimi? Nataka ufupishe tu."

Alinisukumia karatasi mpya. "Andika mwenyewe. Nikiridhika nitatia sahihi."

Nilikaa juu ya betri iliyokufa, nikatunga. Nimefundisha vijana wengi kuweka neno mahali pake, na siku ile elimu yote niliyorithi kwa walimu wangu niliitumia kuficha sindano. Niliandika: Waya za gari hili zilishikana kwa sababu ya umri na kuchakaa.

Alisoma. "Umri wa nani?"

"Wa gari."

"Na kuchakaa?"

Nilishughulika kufunika kalamu.

Alikata mstari wangu, akaandika wake: Waya za mlango wa dereva zilikuwa zinagusana. Zimetengenezwa. Akatia sahihi.

Nikaisoma mara tatu. Hakukuwa na uongo ndani yake. Hakukuwa na mimi pia. Niliikunja kwa furaha ya mfungwa aliyepata msamaha ulioandikwa kwa jina la mwingine.

"Mzee," aliniita nilipowasha gari. "Mimi nimekuandikia ya waya. Mengine husemwa kwa mdomo."

"Inshallah," nilijibu, nikaondoka.

Niliswali alasiri, nikaomba mlango ufunguke. Ona jinsi dua yangu ilivyokuwa fupi na ya kiufundi.

Shemeji anaishi nyumba ya tatu kutoka kona, yenye baraza la saruji na bomba la pamoja uani. Wapangaji wawili wanawake walikuwa wanafua. Waliponiona nimeingia na gari, mikono yao ilipunguza mwendo, masikio yakaongeza.

Mke wangu alitoka, mkoba begani. Amekonda. Au labda ni mimi niliyesahau ukubwa wake halisi, maana katika nyumba tupu mtu hukumbukwa mkubwa.

"Salaam aleikum," nikasema.

"Waaleikum salaam. Gari ndilo hilohilo?"

"Ndilo."

Aliingia nyuma, akafunga mlango. Nikabonyeza rimoti: tak. Wafuaji waliacha kufua kabisa. Niliuona mkono wake ukishika mpini wa ndani, ukatulia kidogo, na katika kutulia kule nikaliona lile jua la sokoni likirudi usoni mwake.

Akavuta. Mlango ukafunguka.

Alifunga tena, akafungua tena. Mara ya tatu hata mmoja wa wafuaji akasema, "Haya sasa, dada, yatosha, utauchosha."

"Karatasi," mke wangu alisema.

Nikampa. Akaisoma, akaikunja mara nne.

"Zilikuwa zinagusana."

"Kama ulivyosoma."

"Zenyewe?"

"Fundi ameandika alichokiona."

Sikudanganya. Hesabuni maneno yangu mtaona. Alinitazama kitambo, kisha akauweka mkoba wake kwenye kiti, akatia mguu mmoja ndani ya gari. Moyo wangu ulikaa mahali pake kwa mara ya kwanza baada ya siku nane.

Ndipo shemeji alipotoka.

Alikuja akishika ukuta, kisha akauachia ukuta akashika gari. Alilipapasa boneti, taa, kioo cha pembeni, kama mtu anayemtambua jamaa yake gizani. Alikuwa mnene shemeji, mcheshi, mtu wa kupiga kelele. Sasa shati lilikuwa limemlegea shingoni.

"Shemeji uko wapi?"

"Niko hapa, shemeji."

Alinyoosha mkono hewani mpaka akaupata wangu.

"Nisamehe," alisema.

"Kwa lipi tena?"

"Hizo waya. Macho yangu haya... Huenda ziliharibika siku nyingi nami sikuziona. Nilidhani nakupa kitu kizima. Dada yangu akaungua na jua sokoni, na wewe ukaaibika mbele za watu." Mkono wake wa pili ukalipapasa gari. "Wallahi sikukutupia takataka, shemeji. Nilikupa nilichokuwa nakipenda."

Maji ya bomba yalikuwa yanatiririka, hakuna aliyekwenda kulifunga.

Hapa palikuwa na nafasi, wasomaji wangu. Nafasi pana, iliyofagiwa, iliyotandikiwa mkeka. Neno moja tu lilihitajika, nami nayajua maneno mengi.

"Nimekusamehe," nikasema.

Ndiyo. Nilimsamehe. Na kwa kuwa ulimi wangu haujui kusimama penye kituo, niliongeza kwamba binadamu hakosi kukosea, kwamba Mwenyezi Mungu anawapenda wanaosamehe, na kwamba mimi binafsi sina kinyongo.

"Mashallah," alinong'ona mmoja wa wafuaji. "Mzee ana moyo."

Shemeji alilia. Alinibusu mkono. Mkono wa kulia, huu unaoshika sindano.

Nilisikia kishindo kidogo nyuma yangu. Mke wangu alikuwa ameutoa mguu wake ndani ya gari. Alichukua mkoba, akaufunga mlango kwa nje, taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.

"Baba," aliniita.

Baba! Nikageuka nikitabasamu. Ole wangu.

"Siku ya tatu tangu gari hili lije, asubuhi, mimi niko na unga mikononi, ulinijia jikoni. Ukaniambia, nitungie uzi, macho yangu hayalioni tundu la sindano. Nikanawa, nikakutungia. Nikapita chumbani kwako, mezani hapakuwa na kitabu."

Nikautazama mkono wangu wa kulia. 

"Nilikuona dirishani umechutama kwenye mlango wa gari. Nikasema nisiseme, mtu mzima atasema mwenyewe. Sokoni nikangoja. Siku nane nimengoja hapa kwa kaka yangu, namwangalia anavyokonda, nangoja. Karatasi nimeisoma, nikakuuliza, nikangoja."

"Mke wangu..."

"Mimi sikumwambia. Nilikuachia wewe."

Shemeji aliinua uso wake kuelekea sauti ya dada yake, kisha akaugeuza kunielekea mimi.

"Aniambie nini?" aliuliza, na mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkono wangu.